Kinanda cha Kabazi

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilifanya kazi katika duka la kutengeneza redio mjini Nakuru. Mwenye duka alikuwa Kalasinga wa makamo, mpole, mwenye miwani miwili ambayo wakati mwingine aliivaa yote pamoja. Aliniajiri baada ya kuniona nimekaa barazani nikifuma kitambaa cha meza huku nikisubiri redio yetu. Alitazama vidole vyangu kwa muda, akasema, "Mama, kuja kesho." Kazi yangu ikawa kusuka upya nyaya za transfoma zilizoungua. Mume wangu, ambaye alifanya kazi reli, hakuamini hadi aliponipitia siku moja akitoka kazini, akanikuta nimejizungushia waya wa shaba kama uzi wa sufu.

Asubuhi moja lori la viazi lilisimama mbele ya duka. Walishuka wazee wawili wa kanisa kutoka Kabazi, na nyuma yao mwanamume mrefu mwenye tai, fundi mstaafu wa reli kutoka magharibi. Huyo mrefu walimtambulisha kuwa mpiga kinanda. Kisha vijana wa lori wakashusha kitu kikubwa kama kitanda, kimefunikwa shuka nyeupe.

"Kinanda chetu hakilii," alisema mzee wa kwanza.

Walikuwa wamekinunua mnadani, mzungu mmoja alipouza shamba lake arudi kwao. Kalasinga aliinua shuka, akavaa miwani yake yote miwili. Niliona safu za vifundo vya kuzungusha, vyeusi, kama vile vya kuongeza sauti kwenye redio, na juu yake vioo vidogo vyenye mishale.

"Mmejaribu kupiga?" aliuliza.

"Huyu amefanya mazoezi tangu mavuno," mzee akajibu, akimwonyesha yule mrefu.

"Na hakitoi sauti?"

"Hata kidogo. Lakini ameendelea vizuri sana."

Mpiga kinanda aliinamisha kichwa kama mtu aliyezoea kusifiwa.

Kalasinga aliwaeleza kwa heshima kwamba hicho si kinanda. Ni mashine ya kuchanganya sauti, ya studio. Mtu anaimba huku, mwingine anapiga gitaa kule, kila mmoja na maikrofoni yake, na mashine inazikusanya zote na kuamua nani asikike zaidi. Alisema aliwahi kufanya kazi na moja kama hiyo ujanani, na hakutarajia kuiona nyingine.

Wazee walisikiliza hadi mwisho. Mzee wa pili akakohoa.

"Bwana fundi, hiki kilishaombewa na askofu kama kinanda. Hatukuja kuuliza ni nini. Tumekuja kitengenezwe."

Basi tukakitengeneza. Ndani tulikuta mahindi, kwa sababu kilikuwa kimewekwa ghalani, na familia ya panya iliyotutazama kama sisi ndio wageni. Kalasinga alizifuta zile valvu, taa ndogo za kioo, moja moja kwa kitambaa laini. Mimi nilisuka transfoma zote upya. Wateja wengine walikuja kuulizia redio zao wakaambiwa wasubiri, kuna mgonjwa. Kifundo kimoja kilikuwa kimepotea, na mtu alikuwa amechomeka kizibo cha soda mahali pake. Nilimwambia Kalasinga kizibo kinazunguka vizuri tu. Alinitazama kana kwamba nimetukana marehemu. Tulikwenda kwa pikapu yake hadi Subukia, ambako mnada ulifanyika, kutafuta kile kifundo, tukakikuta kwenye kabati la hoteli ya chai, kimekuwa mpini wa droo ya mandazi. Mwenye hoteli alikubali kukitoa baada ya kuhakikishiwa kwamba kinakwenda kwa kazi ya Mungu.

Siku ya kukirudisha Kabazi ilikuwa Jumapili. Stima haikuwa imefika huko, kwa hiyo waya ulivutwa kutoka kwa jenereta ya kinu cha unga kilichopakana na kanisa. Maikrofoni ilikuwa moja tu, na spika moja. Kalasinga aliunganisha maikrofoni kwenye kifundo cha kwanza, akamwambia mpiga kinanda kwamba hivyo vingine vyote havina kazi kwa sasa.

Hilo ndilo lililoleta shida. Baraza la kanisa liliona si haki kifundo kimoja kifanye kazi na vingine vikae bure. Walijadiliana nje, tukisubiri, wakarudi na uamuzi. Kifundo cha kwanza ni cha kwaya. Cha pili ni cha kina mama. Cha tatu, vijana. Cha nne, wazee. Vilivyobaki viliwekwa akiba, kwa sababu kanisa linakua.

"Lakini havijaunganishwa," Kalasinga alisema.

"Tumeelewa," mwenyekiti akajibu. "Tumegawa tu."

Ibada ikaanza. Mpiga kinanda alikaa mbele ya mashine kwa suti yake, mgongo wima. Wimbo wa kwanza ulipoanza, akazungusha kifundo cha kina mama kulia, taratibu. Kina mama wakapaza sauti hadi mabati yakatetemeka. Akakirudisha, wakashuka. Akapandisha wazee, wazee wakanguruma. Vijana walikuwa wakicheka nyuma. Akazungusha kifundo chao hadi mwisho wa kushoto, na vijana wakanyamaza kabisa, wakitazamana, midomo imefungwa.

Kalasinga alipita nyuma ya mashine na bisibisi yake, akachungulia ndani. Akarudi kukaa kando yangu.

"Mama, hakuna waya," alininong'oneza.

"Najua."

"Sasa inafanya kazi namna gani?"

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshusha sauti, ingawa si mshirika wa kanisa hilo.

Katikati ya wimbo wa sadaka nilihisi kuna kitu kimepungua, nikatambua kwamba mngurumo wa jenereta umekwisha. Mishale kwenye vioo vyote ilikuwa imelala. Mpiga kinanda aliendelea kuzungusha, nao waumini wakaendelea kupanda na kushuka, kwaya sasa ikimfuata vizuri kuliko mwanzo. Tulitoka tukamkuta mwenye kinu akimenya muwa.

"Dizeli iliisha kabla ya mahubiri," alisema. "Kwani kuna neno?"

Kalasinga alimwambia hakuna neno. Tukapanda pikapu kurudi Nakuru. Karibu na mjini akasema, "Kazi yetu ilikuwa safi, lakini." Nikamwambia ndiyo, ilikuwa safi sana. Ilionekana ilimsaidia.

Baadaye tulisikia kwamba mwenyekiti wa kina mama aligombana na mpiga kinanda, akidai anawabana kwa sababu ya jambo la kifamilia, na kwamba alihama na wenzake kwenda kifundo cha tano. Mwaka uliofuata wazee wa kanisa jingine, upande wa Subukia, walikuja dukani kuuliza kama tunaweza kuwapatia kinanda kama kile. Kalasinga aliwaambia mashine hizo hazipatikani tena, na hata ikipatikana, huenda ikawa mbovu kabisa.

Walishauriana kidogo, wakasema mbovu pia itafaa.