Doa Jipya na Doa la Zamani

Jina langu ni Zuhura, fundi cherehani wa Temeke, na haya nayasimulia nikiwa nimesimama kwa miguu yangu miwili. Naanza na hilo makusudi, ili mgonjwa anayenisikiliza asikate tamaa kabla sijafika katikati.

Kabla ya kuumwa nilikuwa mtu wa kujisifu, na sababu nilikuwa nayo. Ndiyo miaka ile mitumba ilipofunguliwa, mabunda yanashuka bandarini kila leo. Mafundi wengi walilalamika kwamba mitumba imewaua. Mimi nilizichukua zile suruali za Wazungu wanene nikazipunguza mpaka zikamkaa kijana wa Temeke kama alipimwa. Cherehani yangu ya kukanyaga ilikaa barazani, na mguu wangu wa kulia ulikuwa kazini tangu asubuhi.

Siku moja jicho la kushoto likaanza kuuma kila nikilizungusha. Baada ya siku mbili likajaa ukungu. Kitambaa chekundu nilikiona kimepauka, na uzi haukuingia tena kwenye sindano. Zahanati wakanipa dawa ya matone, wakasema macho yamechoka na kushona. Wiki zikapita, ukungu ukaondoka, nami nikasahau.

Mwaka uliofuata Mama Rehema alihamia nyumba ya pili kutoka kwangu. Naye alikuwa fundi, na mtaa mzima ulingoja tugombane. Tukawaangusha. Akizidiwa na magauni ananiletea, nikizidiwa na suruali nampelekea, na mchana tulikula sahani moja.

Asubuhi moja alifua nje akamwaga maji ya povu. Yakatambaa hadi mlangoni kwangu, nikayakanyaga, nikaenda zangu sokoni. Siku ya tatu unyayo wa kulia ukafa ganzi. Ganzi ikapanda gotini, kisha ikanizunguka kiunoni kama mkanda unaobana. Nikiinamisha shingo, shoti ya umeme inateremka mgongoni. Nikioga maji ya moto naishiwa nguvu, nashikilia ukuta. Na la aibu nitalisema pia, maana wengi hulificha: mkojo ulinitoka kabla sijafika chooni. Nilipokaa kwenye cherehani, mguu haukujua kama unakanyaga chuma au sakafu. Fundi gani huyo?

Bi. Tabu, shangazi yangu aliyenilea, alikuja kunitazama. Nikamwamkia shikamoo, hata hakuitikia vizuri.

"Umekanyaga nini, mwanangu?"

Nikakumbuka yale maji, nikamwambia. Kosa ni langu, simsukumizii shangazi.

"Basi ndiyo hayo," akasema. "Fundi kwa fundi. Mwenzio kautaka mguu wako."

Nikaamini. Mama Rehema alipoleta uji niliuacha mlangoni mpaka nzi wakaujaa, huku ananiona. Hakuleta tena. Maneno yakazagaa, wateja wake wakaanza kumkwepa, na mimi nikanyamaza. Shangazi akanifunga hirizi ya ngozi kiunoni, aliyoitoa kwa mganga. Ndani yake, bila mimi kujua, ilishonewa sindano ya cherehani yangu mwenyewe.

"Usiivue mpaka nikwambie mie," akaniasa.

Kaka yangu Idi, dereva wa malori, hakutaka kusikia habari za maji. Alinibeba mpaka kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Daktari akanigonga magoti kwa kinyundo, akanikwaruza nyayo, kisha akauliza, "Jicho halijawahi kukusumbua?"

"Mguu na jicho wapi na wapi, dokta?"

"Ndicho ninachotaka kujua. Eksirei yetu inaonyesha mifupa. Mimi nataka kuuona ubongo wenyewe, na mshipa mkubwa wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo. Mashine hiyo hapa hatuna. Nenda Nairobi."

Tulikwenda na lori la Idi, mimi nimelazwa nyuma ya kiti chake. Hospitalini muuguzi wa kike akaniuliza, "Mama, uko na chuma yoyote kwa mwili?"

Nikavua herini, bangili na pini za nywele. Hirizi sikuitaja. Ngozi si chuma, nilijiambia. Basi nilipoikaribia ile mashine, hirizi ikajivuta yenyewe kiunoni kuelekea kwenye tundu lake. Nilipiga yowe, nikijua jini kaamshwa! Muuguzi akanirudisha nje mbio.

"Nini hiyo umefunga? Hii mashine ni sumaku, mama. Ingekuumiza!"

Akaipapasa hirizi, akaigundua sindano. Kwa kweli niliogopa kuvunja neno la shangazi kuliko nilivyoiogopa mashine. Lakini nilikuwa nautaka mguu wangu. Nikaifungua mwenyewe, nikampa.

Mle ndani nililala chali, kichwa kimebanwa kisitikisike, mashine ikigonga kama mtu anayenyoosha bati kwa nyundo. Katikati ya kazi wakanitoa, wakanichoma dawa mshipani, wakanirudisha.

Baadaye daktari wa pale, nilipokwisha kumsimulia habari za jicho, aliiweka picha kwenye taa. Ubongoni mwangu mlikuwa na madoa meupe kadhaa, na doa moja lilikuwa shingoni, ndani ya ule mshipa wa fahamu.

"Hili la shingoni linang'aa kwa dawa tuliyokuchoma," akasema. "Ni jipya, ndilo lililoukamata mguu. Haya ya kichwani hayang'ai. Ni ya zamani."

"Ya tangu lini?"

"Picha haiandiki tarehe. Lakini lile jicho lilikuwa ugonjwa huu huu ukianza. Kinga ya mwili wako inakosea, inakula ganda la mishipa ya fahamu, kama waya unaochunwa plastiki. Unaitwa maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Hakuna mtu aliyekufanyia."

Jicho liliuma kabla Mama Rehema hajahamia mtaani kwetu. Alikuwa hata hajui jina langu. Nililia pale mbele ya Idi, na sikuulilia ugonjwa.

Nilitundikiwa dripu za dawa siku tano. Kwanza unyayo ukawaka moto, kisha vidole vikaanza kunitii, na kwa miezi ya mazoezi mguu ukarudi kwenye kanyagio. Lakini hayo ya miezi yalikuja baadaye. Siku niliyorudi Temeke nilikuwa bado na magongo, na kabla ya kuingia kwangu nilibisha hodi kwa Mama Rehema. Hakunikaribisha. Nikaingia hivyo hivyo, nikaiinua picha dirishani.

"Haya ya zamani, ulikuwa hujahamia. Hili jipya ndilo la mguu. Nisamehe, shoga."

Akapitisha kidole juu ya madoa.

"Maji yangu yako wapi hapo?"

"Hayamo."

"Tazama vizuri."

"Hayamo, Mama Rehema."

"Basi nenda kasemee nje, walikonisemea mie."

Nikatoka na magongo yangu, nikasimama katikati ya njia, nikasema mpaka majirani wakatoka kusikiliza. Shangazi naye alikuwepo. Aliangalia chini, na siku ya pili akampelekea Mama Rehema gauni la kushona.

Namshukuru Mungu, nawashukuru madaktari, na Idi sina cha kumlipa. MS haijaisha mwilini, daktari hakunificha. Ilirudi mara moja tu, nikawahi hospitali, ikatulia. Mchana wa jua kali naupumzisha mguu, jioni nashona. Nawe ukiona ganzi inapanda, au jicho limefifia kisha likapona lenyewe, mwambie daktari yote mawili, hata kama yamepishana mwaka. Na kabla ya kumtaja jirani, kapige picha.

Yangu siitunzi mimi. Mama Rehema aliichukua akaibandika kwenye dirisha lake, jua likipiga madoa yote yanaonekana. Kila nikienda kliniki lazima niifuate kwake. Kabla hajanipa huniuliza, "Maji yangu yamo?" Nami hujibu kwa sauti, mlango ukiwa wazi.