Unyayo wa Mama Sifa

Nilipokuwa mtoto kule Ujiji, unyayo wangu haukuruhusiwa kulala nje. Kila jioni, jua likianza kuzama upande wa Kongo, Bibi alishika ufagio wa chelewa akafuta alama zote tulizoacha kwenye vumbi la ua tangu asubuhi, zangu kwanza, halafu zake. Usidhani alikuwa msafi kupita kiasi. Maganda ya mihogo aliyaruka, akayaacha hadi kesho yake.

Aliogopa kuchotwa unyayo. Kwa watu wa rika lake, na kwa wengi wa rika langu ambao hawatakubali ukiwauliza, mtu mwenye kijicho hahitaji nywele yako wala nguo yako. Anasubiri upite, anachota vumbi ulilokanyaga, anakwenda kulifanyia analolijua yeye, na wewe unaanza kuugua kuanzia chini. Bibi aliyasema hayo kwa sauti ileile ya kunikumbusha kwamba chumvi imekwisha. Yeye ndiye aliyenilea, mama yangu akiwa ameolewa Tabora, na nilimwamini kwa kila kitu. Alikuwa ameshuka kutoka Kalinzi akiwa mwali wa kuolewa, na tangu nimjue alivaa soksi, joto la Ujiji lisimwambie kitu. Akiulizwa, alisema baridi ya milimani ilimwingia mifupani. Hata kutawadha alitawadhia ndani, nyuma ya pazia. Nilizicheka soksi zile, nikamwita mchezaji mpira, naye akanirushia kandambili.

Kisha akahamia Mama Sifa. Alivuka ziwa kutoka Kongo na binti mchanga mgongoni, akapanga chumba kilichotazamana na chetu, ua ukawa mmoja. Aliuza samaki, migebuka waliokaushwa kwa moshi, alicheka kwa kifua chote, na Kiswahili chake cha ng'ambo kilinifurahisha mpaka nikaanza kukiiga. Asubuhi moja, akiwa bado mgeni, aliamka kabla yetu akafagia ua mzima, upande wake na upande wetu, hadi kizingitini petu. Vumbi akalizoa kwenye karai, akaenda kulimwaga ziwani. Ilitokea kwamba jana yake tulichelewa msibani na Bibi hakufagia. Alipofungua mlango na kuuona ua umetakata, hakujibu salamu.

Haikupita miezi mingi, miguu yangu ikaanza. Kwanza lilikuwa duara jekundu kisiginoni, kisha jingine pembeni ya wayo, halafu juu yake yakaota magamba meupe makavu. Ukiyabandua, damu inachungulia. Visigino vikapasuka. Kuwasha kulikuwa kwa namna ya kunitoa akili: nilisugua mguu juu ya mguu nikila, nikisoma, nikisinzia. Kwenye chuo cha Kurani, ambako kandambili zote zinaachwa mlangoni, hapakuwa na pa kuificha. Wenzangu walisogea kidogo kidogo mpaka nikawa na ncha ya jamvi peke yangu. Hilo liliniuma kuliko mipasuko.

Bibi alinitibu kwa nguvu zake zote. Alinisugua kwa jiwe, akaniloweka kwenye maji ya moto yenye chumvi, akapaka mawese, na mawese yaliposhindwa akapaka mafuta ya taa. Ngozi ilitoka, tukashangilia, kisha ikarudi nene kuliko ya mwanzo. Leo najua kusugua ndiko kulikokuwa kunaichokoza. Wakati ule kila dawa iliyoshindwa ilikuwa ushahidi mwingine dhidi ya Mama Sifa, kwa sababu ugonjwa wa kawaida, kwa maneno ya Bibi, husikia dawa.

Na Mama Sifa ndiye mtu pekee aliyenikalisha karibu. Nilipokimbia chuo niliketi kwenye mkeka wake, akanipa kichwa cha mgebuka ninyonye. Binti yake alitambaa hadi miguuni pangu, akayashika yale magamba, naye hakumwondoa.

Maneno yakatoka uani, yakafika mwaloni alikouzia samaki. Wateja wakaanza kumpita. Mwenye nyumba akamwambia ayamalize na Bibi, la sivyo ahame. Mwanamke mwenye mtoto mchanga, asiye na ndugu upande huu wa ziwa, alikuwa karibu kukosa pa kulala kwa sababu ya miguu yangu. Nilizunguka ua kutwa, siwezi kukaa, siwezi kusimama, nikiomba tu ipone kabla hajafukuzwa. Haikupona.

Alasiri moja Bibi alimwita mbele ya akina mama wawili wa jirani. Hakupaza sauti.

"Rudisha unyayo wa mjukuu wangu. Sitaki ugomvi. Rudisha, yaishe."

"Mama, miye nilifagia tu," alisema Mama Sifa. "Kwetu jirani anafagiaka mpaka kwa mwenzake. Ni heshima."

"Na vumbi ulilipeleka wapi?"

"Mu maji. Watu wote waliniona."

Akina mama wakatazamana. Kilichoingia ziwani nani atakirudisha? Nilidhani Mama Sifa ataanza kulia au kutukana, nami nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili. Badala yake alinipa mtoto nimshike, akachota maji kwenye ndoo, akayamwaga kwenye vumbi mbele ya mlango wetu. Akavua kandambili. Akakanyaga palepale penye tope, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, akasimama kwa uzito wake wote, kisha akarudi nyuma.

"Kamata ya kwangu, mama. Yote mbili, sina ingine. Mutoto akipona utanirudishia. Akikosa kupona, basi na miye nigonjwe."

Bibi alikuwa na ufagio mkononi. Nyayo zilikuwa pale, pana, safi, kila kidole kimejiandika. Angeweza kuzichota. Angeweza hata kuzifagia. Alizitazama kwa muda mrefu, halafu nikamwona anatazama soksi zake. Niliona, ila sikujua nilichokiona.

"Ingia ndani, mwana wanje," aliniambia, yaani mwanangu, kwa Kiha chake.

Jioni ile ua haukufagiwa. Nyayo zikakauka zikawa ngumu, nasi tukawa tunaziruka kutoka na kuingia, hadi mvua ilipozifuta. Mama Sifa mwenyewe hakuwapo kuona. Alihamia mtaa wa Mwanga, mjini, wiki ileile, na mimi ndiye niliyembebea mtoto hadi barabarani. Nililia njia nzima ya kurudi, na Bibi hakuniuliza ninalilia nini.

Nikakua na miguu yangu hiyohiyo. Inapoa, inarudi, inapoa tena, haina ratiba. Nikajifunza ushonaji, nikapata kibaraza Mwanga, na cherehani ya kukanyaga ilinifaa kwa kuwa miguu yangu haijui kutulia. Ikafika wakati visigino vikapasuka hadi pedali ikabaki na damu, ndipo nikajikokota hospitali. Daktari alikuwa binti wa kuwa mdogo wangu. Alivuta kiti, akaushika wayo wangu kwa mkono mtupu, akaugeuza kwenye mwanga. Nilitokwa na machozi. Nilikuwa mtu mzima na sikukumbuka mara ya mwisho mtu alipoishika miguu ile bila kukunja uso.

Aliniambia inaitwa soriasisi. Kinga ya mwili inaiharakisha ngozi, mpya inasukuma kuukuu kabla haijakomaa. Haiambukizi. Haiishi moja kwa moja, lakini inatulizwa. Akaniandikia dawa ya kupaka na kunionyesha namna: niloweke kwa maji ya vuguvugu, si ya moto, jiwe nilitupe, nipake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu, nilale na soksi za pamba. Na nipunguze mawazo, akasema, nami nikacheka, maana huyo alikuwa hanijui.

"Kwenu kuna mwingine mwenye miguu kama hii?"

Nikasema hakuna. Nilikuwa nimeshafika barabarani nilipozikumbuka zile soksi.

Sikurudi kibarazani. Nilikwenda moja kwa moja Ujiji, nikamkuta Bibi kitandani, uzee umemshika, nikapasha maji kidogo na kuyaweka kwenye beseni.

"Bibi, nikuoshe miguu."

"Sijafa bado."

"Ya kwangu umeiosha miaka mingapi? Leo zamu yako."

Alinitazama, akatazama beseni, kisha akanyoosha mguu mmoja kama mtu anayekubali hukumu. Nikavua soksi. Nilikuwa najitazama mwenyewe nikiwa mzee: maduara yaleyale, magamba yaleyale, mipasuko ileile pembeni ya kisigino.

"Tangu lini?"

"Tangu Kalinzi. Nilichotwa unyayo nikiwa mwali. Wakwe zangu huku wangejua, wangenirudisha."

"Kwa hiyo uliiona yangu ukajua."

Aliutumbukiza mguu kwenye beseni mwenyewe. "Nilijua miguu inafanana. Nilitaka iwe imetoka nje, mwana wanje. Ingekuwa imetoka kwangu, ningekutazamaje?"

Nilimkasirikia sana, na nilimhurumia sana, vyote kwa mkupuo mmoja, na mikono yangu ikamwosha, ikampaka mafuta kwa kuwa haikuwa na jingine la kufanya. Nikamweleza ya daktari. Hakuna aliyemchota mtu. Tumepeana kwa damu, kama tulivyopeana pua.

"Hata yule wa Kalinzi?" aliuliza. Miaka yote alimchukia mtu fulani kule, akidhani ndiye aliyemchota.

"Hata yule wa Kalinzi."

Akafumba macho. Kisha akauliza Mama Sifa anauzia wapi siku hizi.

Nilijua anapouzia, nilikuwa mteja wake. Kesho yake nikamleta Bibi kwa bajaji hadi sokoni Mwanga, na soksi alizikataa. Mama Sifa alikuwa na mvi sasa, nyuma ya meza yake ya samaki.

"Shikamoo, mama," alisema, kana kwamba tuliachana juzi.

Bibi hakuitika. Aliketi juu ya kreti, akanyoosha miguu yote miwili, wazi, ndani ya kandambili.

"Tazama."

Mama Sifa akatazama. "Nilijuaka, mama."

"Tangu lini?"

"Pazia yako ilipepea siku moja, ukiwa unanawa. Mbele ya ile maneno yote kuanza."

"Wanakufukuza, na wewe unajua, na unanyamaza?"

"Ile ilikuwa siri yako. Miye nilikuwa na miguu yangu tu ya kutoa. Nikatoa."

Bibi alisema nisamehe, neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, akalisema tena kwa Kiha, kwa kuwa la kwanza halikumtosha. Mama Sifa akavuta kigoda, akaipakata miguu ile mapajani mwake mbele ya soko zima, akaendelea kubishana bei na mteja. Bibi alilia kimyakimya, na miguu haikuiondoa hadi tulipoondoka.

Bibi ameshatutoka. Mimi naendelea na miguu yangu, na bado mimi si mtu wa kutulia, mawazo yananishinda kuyapunguza. Nimewaza sana nani alinidhuru, na nimechoka kumtafuta. Bibi hakuwa mwovu. Aliogopa kwamba kitu kibaya kimetoka kwake kikaingia kwa anayempenda, na hofu hiyo naifahamu vizuri, maana mwaka huu binti yangu Aisha ameota duara jekundu kisiginoni. Ameanza kuvaa soksi mchana. Sijamwambia avue. Nimekuwa nikizunguka nyumba nikitafuta la kusema.

Juzi jioni niliosha miguu kama kawaida, nikapaka mafuta, nikatembea kwenda jikoni. Sakafu yetu ni ya saruji, mafuta yanaacha alama. Nilipogeuka nikamkuta Aisha amepiga magoti na tambara, anazifuta nyayo zangu moja baada ya nyingine, tangu mlangoni.

"Ziache," nikamwambia.

"Zitabaki mpaka asubuhi, mama."

"Zibaki."

Alibaki amepiga magoti, anautazama ule uliokuwa karibu naye, kisigino changu cha mipasuko kimejichora vizuri kabisa. Kisha akaweka tambara pembeni, akaketi sakafuni, akaanza kuvua soksi.