Nyumba ya Mama kwenye Kompyuta ya Kaka

Kaka yangu anapiga picha za pasipoti, na mtaa mzima wanamwita Profesa. Ni miwani tu ile, msidanganyike. Akifunga duka hukaa mbele ya kompyuta yake kuukuu, aliyoinunua mtumba mimi nikiwa bado shuleni. Kwa miaka miwili alikuwa akiijenga upya humo nyumba ya mama iliyobomolewa kupisha barabara, chumba kwa chumba, mpaka ufa wa ukuta wa jikoni. Alitaka kutoa filamu ya sekunde hamsini: mama aingie, apite ukumbini, afike chumbani kwake.

Tulikuwa na haraka kwa sababu ya macho. Daktari alisema presha ya macho imeshaua jicho moja na la pili linafuata. Anachotaka kuona, aone sasa.

Basi mwanamume mzima, kazi imebaki kompyuta kutoa picha za filamu moja moja tu, programu aliyojengea ikamwuliza kama anataka toleo jipya. Akabonyeza ndiyo! Nani alimtuma? "Nilidhani litakuwa jepesi," alisema. Akaifungua nyumba kwenye toleo hilo jipya, akaihifadhi juu ya ileile ya zamani kama kawaida yake, wala hana nakala ya pili. Ndipo likaja tangazo: kadi yako ya picha haitumiki tena. Ndiyo hiyo kadi ya ndani ya kompyuta inayochora picha haraka.

Tulimwita fundi. Akafungua kompyuta, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa. "Kadi ni nzima, dada. Walioitengeneza wameacha kuihudumia, na programu mpya haiitambui."

"Si arudishe ya zamani?"

"Ya zamani haifungui kilichohifadhiwa na mpya. Na kadi za sasa haziingii kwenye mashine hii. Anunue kompyuta nyingine."

Nyingine tungeitoa wapi, na dawa za mama zinatumaliza? Nilitamani kumzaba mtu kibao, ila sikujua nani.

Ikabaki prosesa, ubongo wa kompyuta, peke yake kubeba mzigo wote. Picha moja iliyochukua dakika mbili sasa ilichukua arobaini, na filamu ile ni picha elfu moja na mia mbili. "Siku thelathini na tatu," Kaka alisema, "umeme usipokatika." Ukakatika, bila shaka. Kompyuta ikachemka, tukaielekezea feni ya mama.

"Jamani, mgonjwa ni mimi au hilo sanduku?" mama aliuliza. Tulicheka, kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kaka alitaka kumwonyesha picha zilizokwisha kutoka. Mama akakataa katakata: "Usinionjeshe. Nataka kuingia mara moja, nifike mpaka chumbani." Kila asubuhi akawa anauliza, "Nimefika wapi?"

"Ukumbini, mama. Bado ukumbini."

Wiki ya tano akaanza kumimina chai nje ya kikombe. Nilifuta meza kabla Kaka hajaona. Ningemwambia afanye nini, aisukume ile mashine kwa mikono?

Siku ya arobaini na moja filamu ikakamilika. Kaka aliibeba kompyuta mpaka chumbani kwa mama, akaiweka mezani mbele yake. Mama akaketi wima, akaziweka nguo zake vizuri, akakaza macho mbele.

"Oo, mwanangu! Ndiyo yenyewe hii. Umeipatia kabisa."

Kioo kilikuwa cheusi. Kaka alikuwa bado amepiga magoti, waya mkononi, anatafuta pa kuuchomeka. Alinitazama kutoka pale chini. Mama aliendelea kusifu.