Seva Iliyonichongea

Kilichonimaliza uvumilivu ni kidole cha bosi. Alikigonga kwenye kioo cha kompyuta yake, juu ya mstari mwekundu, madereva wawili wa malori wamesimama kaunta wanasikiliza, akaniuliza: "Hapa programu ililala dakika arobaini. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nanyonyesha."

"Kila siku kunyonyesha. Mtoto gani huyo hashibi?"

Dereva mmoja, Mzambia, akacheka. "Ee bamayo, mama, leo kazi unayo!"

Nikamwambia bosi, na sauti sikuipunguza: "Mtoto wangu usimtaje kwa mdomo huo. Na hiyo paneli unayonionyesha, niliiomba mimi."

Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Niliiomba mimi.

Ofisi yetu pale Tunduma ilishughulikia nyaraka za mizigo inayovuka mpaka. Zote zilikaa kwenye seva moja ya Linux, kasha jeusi chini ya meza yangu. Umeme ukikatika, inazima. Ukirudi, inawaka, lakini programu ya nyaraka haiamki mpaka mtu akae mbele ya ile skrini nyeusi aandike amri. Fundi aliyeifunga aliahidi kurudi kurekebisha, hakurudi. Mtu wa kuandika amri nikawa mimi, wa kidato cha nne, niliyejifunza kwa kunakili kwenye daftari kila alichokuwa anaandika fundi huyo.

Nilipojifungua nilirudi kazini na saa zangu mbili za kunyonyesha kwa siku, zilizoandikwa kwenye sheria. Mtoto alishinda kwa jirani, nyuma ya stendi. Sikumbuki wiki niliyozimaliza saa hizo. Simu inalia, ni bosi: "Mama, umeme umerudi, malori yanasubiri." Namchomoa mtoto titi mdomoni, analia kwa hasira, na ana haki. Nafika ofisini jasho linatiririka, maziwa yameloanisha blauzi, naandika mstari mmoja. Mmoja! Programu inaamka, narudi mbio, nakuta mtoto kalala na njaa yake.

Basi niliposikia kuna paneli ya kusimamia seva, kwamba unaifungua kwenye mtandao kama barua pepe, hata kwa simu, unabonyeza kitufe na programu inaamka, nilimbembeleza bosi mwezi mzima. Akakubali. Kazi akampa shemeji yake wa Mbeya, anayejiita mtaalamu.

Mtaalamu hata hakufika. Alinielekeza kwa simu. Paneli ilitoa mstari mrefu wa kuingizwa kwenye seva, ili viwili hivyo vitambuane. Modemu ikakatika mara tatu katikati. Mara ya nne ikamaliza, lakini kwenye paneli seva haionekani.

"Rudia tu, dada," akasema.

"Nirudie nini? Ulinzi wa seva umefunga mlango ambao paneli inapitia."

"We umejuaje?"

"Nimesoma. Imeandikwa hapa kwenye skrini."

Nikaufungua huo mlango mwenyewe. Jina la seva likatokea, na kidoti cha kijani pembeni yake. Nilifurahi kama mjinga. Nilishajiona nimekaa kwa jirani, mkono mmoja mtoto, mkono mwingine simu.

Jioni akapongezwa mtaalamu. Zikafunguliwa akaunti mbili, ya bosi na ya shemeji. Na yangu?

"Utapewa, usiwe na haraka," akasema bosi. "Neno la siri si la kila mtu."

Nikaendelea kukimbia. Tofauti ni kwamba sasa kila programu ilipolala, paneli ilihesabu dakika na kumpelekea bosi.

Kesho yake baada ya kile kidole nikapewa barua ya onyo: nimeacha kituo cha kazi, na saa za kunyonyesha zimefutwa. Bosi aliambatanisha karatasi aliyoichapa kutoka kwenye paneli, ndiyo ushahidi wake. Yeye alisoma maandishi makubwa tu. Mimi nikaisoma yote, nimesimama palepale. Chini, kwa maandishi madogo: seva imewaka, programu haijaamka. Dakika mbili baadaye, akaunti ya bosi imeingia. Imefungua ukurasa wenye kitufe cha kuamsha. Halafu hakuna kitu, dakika thelathini na nane, mpaka niliporudi mimi kuandika mstari wangu.

Alikuwa anaangalia! Kitufe kiko mbele yake, madereva wanamlalamikia, na siku hiyo hata simu hakunipigia. Alikaa anazihesabu dakika.

Nilipanda gari asubuhi iliyofuata kwenda ofisi ya kazi, Mbeya, mtoto mgongoni, karatasi ile kwenye mfuko wa plastiki isilowe. Karani akaniuliza kama nimekuja na wakili. Nikamwambia nimekuja na mtoto. Akanipa karatasi na kalamu, nikaandika palepale kaunta:

"YAH: KUNYIMWA SAA ZA KUNYONYESHA. Mwajiri wangu amefuta saa zangu za kunyonyesha kwa sababu programu ya ofisi ililala dakika arobaini. Katika dakika hizo yeye mwenyewe alikuwa amefungua paneli ya kuiamsha, na hakubonyeza. Ushahidi ni karatasi aliyoichapa kwa mkono wake, nimeiambatanisha. Naomba onyo lifutwe, mtoto arudishiwe saa zake mbili, nami nipewe akaunti ya paneli niliyoiunganisha mimi."