Goti Lisilokunjika

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata miwani nimeiweka wapi. Nilikuwa binti, babu yako wa Nyakakika ameshaniposa, na daktari akamwambia baba kwamba goti langu lina kifua kikuu. Baba akabisha. "Kifua kikuu gani kinakaa gotini? Huyu hajakohoa hata siku moja!" Daktari akamweleza taratibu kuwa ugonjwa ni uleule, ila kwangu umeshukia kwenye kiungo na kukila. Dawa nitameza miezi mingi, lakini goti lazima lipasuliwe, lisafishwe, mifupa iunganishwe. Maumivu yatakwisha, nitatembea. Kukunja mguu ndiyo basi tena.

Jamani, nililia! Kisu sikukiogopa. Wewe ni mtoto wa hapa Kaisho, unajua mwenyewe: bibi harusi asiyempigia magoti mama mkwe, watu watasema kalelewa wapi? Na kukaa chini ukamnyooshea mkubwa mguu ni kumtukana. Nikamwambia mama bora nibaki na uvimbe wangu. Mama akanijia juu, akasema mchumba atapatikana mwingine, mguu je? Nikapasuliwa, nikafungwa hogo, ile plasta ngumu, kuanzia pajani, na dawa nikameza mpaka nikachukia maji.

Siku ya kupelekwa kwa wakwe ikafika. Nyasi zimetandazwa sebuleni, watu wamejaa, wote macho gotini kwangu. Nikashika ukuta, nikajishusha, mguu ukabaki umenyooka, unyayo umemwelekea mama mkwe. Shangazi mmoja akaguna. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama mkwe akainuka kitini, na unene wake ule, akakaa chini mbele yangu. Akanyoosha mguu wake kama wangu mpaka nyayo zetu zikagusana. "Haya, binti yangu, nisalimie."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkwe nilimtaka akiwa hai, na huyu hapa. Anayeguna aje anyooshe na wake."

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka huku machozi yananitoka. Tulisalimiana hivyo mpaka alipofariki, hata tukiwa jikoni tunamenya ndizi. Nilimpenda sana mama yule.

Sasa nasikia na wewe daktari kakwambia hivyohivyo, nawe umenuna kwa sababu ya hao wa Nyakasimbi waliokuposa. Mjukuu wangu, nenda ukapasuliwe. Dawa umeze mpaka daktari mwenyewe aseme basi, hata ukijisikia mzima kabisa. Na goti usilifiche kwenye kitenge. Waambie wakwe mapema, uwajue ni watu wa namna gani.

Mungu akutangulie, aishike mikono ya daktari, akupe mama mkwe kama wangu. Ukirudi, usihangaike kunipigia magoti. Utanikuta hapahapa mkekani, mguu nimeshaunyoosha, nasubiri shikamoo yako.