Mikate Thelathini ya Batulbai

Talaka ya Semeni ililetwa na bodaboda, kama oda ya chipsi. Kwa kuwa hajui kusoma, ilibidi amwombe dereva yule yule amsomee, naye, Mungu amsamehe, akasoma kwa sauti mtaa mzima ukasikia. Miaka kumi na tisa ya kumpikia Luqmani ikaishia barazani kabla ya saa nne asubuhi. Luqmani akaenda kumuoa Nasma wa Mwera, mwenye kiuno chembamba na, kwa habari alizozipokea Semeni kwa furaha kubwa, asiyejua kupika.

Semeni akabaki Pangani na sufuria zake. Akaanza kuoka mkate wa kumimina: mchele wa kuloweka, tui zito, iliki, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Mikate minane kwa siku, yote inachukuliwa na Batulbai, mwenye duka karibu na kivuko.

Mwaka wa tatu Batulbai akamwita. "Bi Semeni, hoteli za ufukweni zinautaka. Niletee thelathini kila siku. Lakini wa thelathini uwe sawasawa na wa kwanza. Ijumaa ukishindwa, nachukua kwa mtu wa Tanga mjini. Mimi sigombani, nachukua tu."

Thelathini! Na mikono ya Semeni ni miwili. Akamwita jirani yake Zuwena. Mkate wake ukatoka mgumu wa kuzuilia mlango. Akamwita Najat, binti wa shangazi yake. Wake ukadidimia katikati kama kaburi la zamani. Batulbai aliitazama, wala hakuonja. "Leo Jumanne," akasema.

Anarudi nyumbani, Semeni akamkuta Luqmani kwa muuza kahawa, amefungua kitambaa, anawagawia wenzake mkate wa kumimina. "Mke wangu huyo! Onjeni!"

Semeni akanyofoa kipande bila kuomba, akatafuna, akasimama. Ulikuwa wake. Tui lake, iliki yake, hata ile chumvi kidogo ambayo hakumwambia mtu.

"Kaupika nani?"

"Nasma! Miaka miwili namkatalia. Kila akipika namwambia, bado, wa Semeni ni laini zaidi, wa Semeni una chumvi kwa mbali. Sasa kafika!"

Mpumbavu yule hakujua alichokisema. Alikuwa amemfundishia Semeni kibarua, bure, kwa ulimi wake mwenyewe.

Semeni alizunguka nyumba ya Nasma mara tatu kabla ya kubisha hodi.

"Shikamoo, dada Semeni."

Shikamoo! Wamepishana miaka sita tu. Lakini shikamoo haikataliwi. "Marahaba," akajibu kama anayemeza mwiba wa samaki. "Sikuja kwa ajili ya mwanamume. Huyo kaa naye, Mungu akupe subira. Nimefuata mikono yako."

Nasma akacheka mpaka akakaa chini. "Dada, nimekuchukia kuliko malaria. Kila nikitenga sinia, jina lako limeshafika kabla ya mchuzi."

"Na mimi nilikuombea uunguze kila chungu. Utakuja?"

"Utanilipa?"

"Kila siku, mkononi. Na hutaambiwa tena wako si kama wa Semeni, maana yote itaitwa ya Semeni."

Jumatano wakaoka kumi na miwili, iliyoungua wakaila wenyewe. Alhamisi ishirini. Ijumaa mchana, wa thelathini ukiwa bado motoni, Luqmani akatokea uani kwa Semeni ameshika tumbo.

"Nasma, chakula kiko wapi?"

Nasma hakuinua kichwa. "Duka la Batulbai liko wazi."

Alasiri Batulbai akakata mkate mmoja wa kila mpikaji, akaonja, akaonja tena. "Upi wako, Bi Semeni?"

Semeni akaonja wa kwanza. Akaonja wa pili. Akarudia wa kwanza, asiutambue wake. Kuachwa alikuwa ameshakuzoea. Hili lilimuuma upya.

"Yote," akajibu kwa hasira, na Batulbai akamwambia kesho alete thelathini mingine.