Enduru Ambayo Sikuisikia

Usiniulize kama kuna viumbe huko angani. Siku hizi nikiulizwa nakasirika, na wanaonijua wameacha kuniuliza.

Miezi michache tu nyuma ungenigusa hapo usingeondoka, ningekusimulia hadi usiku. Nilikuwa fundi wa kompyuta mjini Bukoba, na kila Jumamosi nilikimbilia kwa wazazi wangu Kanazi kusikiliza mbingu, maana mjini umeme una kelele mno. Nilikuwa na kompyuta kuukuu iliyotupwa na shule moja ya Muleba, kipokezi cha redio cha ukubwa wa kidole gumba, na dishi nililolisuka kwa waya wa banda la kuku. Tata, baba yangu, ndiye aliyenishikia ngazi nikilifunga juu ya bati. "Wakikujibu," akasema, "waulize kama huko wana migomba." Alicheka hadi akakaa chini.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, mstari wa mawimbi kwenye skrini ukapanda, kama kuna anayetuma ishara. Mwembamba, wima, hautikisiki. Mungu wangu! Nilifunga mlango, nikafunga dirisha, nikavaa hedifoni na kuongeza sauti mpaka masikio yakauma. Nilishaanza kuwaza nitakavyowatangazia watu.

Nje, Tata alikuwa ameanguka kibanjani akipunguza majani ya migomba. Kiharusi. Mama akapiga enduru, lile yowe ambalo kwetu ukilisikia unaacha chungu motoni, unaacha hata rozari, unakimbia. Walikuja mpaka watu wa ng'ambo ya barabara. Wakambeba Tata kwenye blanketi, wakapita chini ya dirisha langu. Dirisha langu mimi! Hatua mbili, tatu hivi.

Nilitoka baada ya saa nzima. Nilimkuta jirani mmoja, mama mtu mzima, akituzimia jiko.

"Kumbe upo?" akasema, akanieleza yaliyotokea, akaenda zake.

Na ule mstari? Chaja ya simu ya mama. Chaja! Niliichomoa sebuleni, mstari ukalala. Nikapanda nikalishusha lile dishi, nikalikatakata kwa panga, nikalipiga mateke. Pumbavu kabisa mimi.

Wanaume wa kijiji wakaniita, wakanitoza rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa kutoitikia enduru. Nilipeleka mitungi miwili, wakanywa nikiwa nimesimama. Mmoja akauliza malaika hawajambo. Nilitaka kumrukia. Lakini ningemrukia kwa lipi? Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwa baba yangu.

Tata alirudi kutoka hospitali amepooza upande mmoja, maneno hayatoki. Kila nikiingia chumbani ananitazama, anatoa mlio uleule, mfupi kisha mrefu. Nikawa nabahatisha. Maji? Mto? Nikugeuze? Anafumba macho, anarudia. Wiki mbili hivyo hivyo. Jana uvumilivu ukaniishia. "Tata, sielewi! Sema basi!" Nilimfokea mgonjwa. Baba yangu mzazi.

Mama alikuwa amekaa mlangoni anamenya ndizi. Hakuinua hata kichwa.

"Anakuuliza ulikuwa wapi."